Koti la Buluu la Hulda Sorby

Dayton, Ohio
9 Januari 1978

Mdogo wangu Vernon,

Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na ukute umekula kitu kingine zaidi ya maharage ya kopo. Mimi naendelea. Goti linalalamika kukiwa na baridi, na baridi iko kila siku. Mwanangu Corinne amehamia Toledo na yule mume wake asiyefungua mdomo. Krismasi nzima nimekaa naye meza moja, nimemsikia akisema neno moja tu, "chumvi", na chumvi yenyewe ilikuwa mbele yake.

Sasa sikiliza. Nina kazi ndogo kwa ajili yako, nawe tangu ustaafu kuchimba visima huna kazi kubwa.

Unayajua makoti yangu. Usigune, nakusikia kutoka hapa. Lloyd aliponiacha mjane watu walinishauri nifuge paka. Mimi nikanunua koti la jeshi, la zama zile askari alipofungwa vifungo mpaka kooni asiweze hata kuviona viatu vyake. Halafu nikanunua la pili. Paka atakufa umlilie. Koti ukiliwekea dawa ya nondo, lenyewe ndilo litakalokuzika. Kweli, siku hizi makoti yana chumba na mimi nina kochi, lakini kochi ni zuri kwa mgongo.

Nimeona kwenye jarida la wapenda historia la huko Nebraska picha ya marehemu mmoja, Nils Sorby, aliyekuwa akiwapigilia viatu farasi wa jeshi kabla ya vita ya mwaka kumi na nne. Amevaa koti la sherehe la buluu, kingo zake za manjano, na kwenye mkono kuna alama ya kiatu cha farasi. Vernon, makoti yenye alama ile ni adimu mno. Chini ya picha wameandika kwamba binti yake, Bi Hulda Sorby, anaishi nje kidogo ya Chadron na bado analo koti hilo.

Chadron ni kwako. Nenda. Oga kwanza. Mwambie kwa heshima kwamba dada yako angependa kulinunua, na ya bei tutaelewana. Usilishike kwa mikono mitupu. Nimekuwekea glavu nyeupe kwenye bahasha. Na lolote utakalofanya, usiache mtu ang'arishe vifungo. Kifungo kikishang'arishwa uzee wake umetoka, na wenye fani hukitazama kama meno ya bandia.

Fanya haraka.

Dada yako,
Maxine


Chadron, Nebraska
2 Februari 1978

Dada Maxine,

Salamu zako nimezipata, na mimi nakurudishia za kwangu pamoja na theluji, ukitaka, maana ninayo ya kutosha. Mzima niko. Maharage nimepunguza. Padri wetu ameteleza kwenye ngazi za kanisa, akavunja mkono, sasa anatubariki kwa wa kushoto na wazee wengine wanadai baraka haziingii.

Nisamehe kuchelewa. Barabara zilifungwa.

Kwa Bi Hulda nimefika. Anakaa peke yake kwenye shamba la marehemu baba yake, ana farasi na kuku na mbwa mmoja asiyependa watu waliooga. Ni mwanamke mrefu wa rika langu, hana maneno mengi. Alinifungulia akaniuliza, "Unauza nini?"

Nikamwambia, "Siuzi kitu, bibi. Dada yangu ananunua."

"Basi mwambie dada yako aje mwenyewe," akasema, na alikuwa anafunga mlango, lakini nikasikia pampu yake ya maji uani inavyokohoa. Nikamwambia ile ngozi ya ndani inayovuta maji imekauka. Akaufungua mlango tena.

Koti lipo, nimeliona. Hali yake ni nzuri. Linatumika.

Pampu itachukua muda kidogo. Ameniahidi pai ya cheri.

Ndugu yako,
Vernon


Dayton
10 Februari 1978

Vernon,

Nakusalimu, na padri mpe pole. Hapa kwetu bomba limepasuka, fundi kaja, kaondoka, bomba bado limepasuka. Corinne ni mjamzito. Mume wake amesema, "Vizuri." Tumefurahi sana.

"Linatumika" maana yake nini?

Nimeisoma barua yako tangu mwanzo mpaka mwisho, nikarudi kwenye neno hilo, nikaenda kunywa maji, nikarudi tena. Koti la sherehe la mwaka elfu moja mia tisa na kitu halitumiki, Vernon. Linaning'inizwa. Linafunikwa shuka. Linatazamwa na watu wazima waliokwisha nawa. Je, limetumika kwenye igizo la shule? Limetumika kufunikia kitu? Niambie tu halikukatwa.

Na glavu je? Ulizivaa?

Pai sijakuuliza.

Maxine


Chadron
6 Machi 1978

Dada,

Nakuombea heri wewe na goti lako, na Corinne umwambie mjomba wake amefurahi. Huku theluji imeanza kuyeyuka na matope yamechukua zamu. Pikapu yangu ilizama mpaka tumboni njiani kwenda kwa Hulda, akaja kunivuta na farasi. Amefanya hivyo mara kadhaa sasa.

Uliniuliza. Haya, kaa chini.

Hulda analivaa. Analivaa kulishia farasi, asubuhi na jioni, tangu baba yake afariki. Anasema ni sufu ambayo upepo umeshindwa kuitoboa, na makoti ya siku hizi yanapitisha upepo kama chujio. Siku ile ya kwanza aliponifungulia mlango alikuwa nalo mwilini. Sikujua nikuandikie vipi.

Usidhani hajali. Kila Jumapili akitoka kanisani anakaa jikoni na kitambaa na kopo la dawa ya shaba na kung'arisha vifungo vyote, kama alivyomwona baba yake akifanya. Vinang'aa vizuri sana, dada. Jumapili iliyopita nilimsaidia vile vya chini.

Glavu nilimpa. Anazitumia kuokotea mayai.

Nilimuuliza kama anaweza kuliuza. Alikuwa amemshika farasi mguu, anamtazama kwato. Akasema, "Nikiliuza nitavaa nini?" Nikamwambia hilo ni swali zuri. Akaniambia nishike na mguu wa pili.

Pampu bado inasumbua.

Vernon


Dayton
11 Machi 1978

Vernon,

Hatujambo, bomba limepona.

Dawa ya shaba. Kila Jumapili. Na wewe ukamsaidia, mtu niliyekulea mwenyewe mama alipokuwa kiwandani.

Nimelala siku nzima na kitambaa cha maji kwenye paji la uso, sasa nimeamka na nimepata njia. Kama anachotaka ni kitu cha kumkinga upepo, nitampa. Ninalo koti refu zito la rangi ya majani makavu, la mwaka kumi na saba, linafika chini ya magoti na kola yake ukiisimamisha inafunika masikio. Limeshonwa kwa ajili ya mahandaki ya Ufaransa, kuku wa Nebraska hawatalishinda. Kulituma huko ni kama kumpeleka mtoto vitani, lakini nimelifunga na nimelipeleka posta. Mpe. Alivae hili, anipe lile, kila mtu apate joto lake.

Ila lazima lile la buluu liwe hapa kabla ya tarehe kumi na tatu Mei. Chama chetu cha wakusanyaji kina maonyesho Columbus. Usiniulize kwa nini ni lazima.

Na kuwa macho. Mwenyekiti wetu, Cyrus Tolland, naye analisoma lile jarida. Ni mtu wa kuvaa pini kwenye tai na kusema "bibi mpendwa" huku anakusukuma kwa kiwiko. Namjua, ameshamwandikia Hulda.

Maxine


Chadron
14 Aprili 1978

Dada Maxine,

Pasaka njema iliyopita. Nilikula mwanakondoo. Sikumpika mimi.

Padri amefunguliwa bandeji na wazee wamerudi kwenye viti vyao. Majani yameanza kuchipua kando ya kijito na farasi jike mmoja wa Hulda amezaa. Nilikuwepo. Mtoto alisimama, akaanguka, akasimama tena, Hulda akaniambia, "Unalia nini, Vernon?" Nikamwambia ni vumbi. Kulikuwa na tope mpaka kwenye magoti.

Kifurushi kilifika salama. Hulda alilikunjua lile koti kwenye meza ya jikoni, akaisifu sana mishono yake, akasema huyu dada yako ana macho. Akalijaribu. Mikono ilimfika kwenye kucha. Akalivua, akaniangalia, akasema, "Hebu wewe."

Likanikaa kama nimepimwa.

Nikamweleza kwamba ni la kwake, ni la kubadilishana. Akasema yeye koti analo, asiyekuwa na koti ni mimi na hiki kijaketi changu cha nailoni, na haiwezekani mtu anisaidie kazi kila siku akiwa anatetemeka. Ubishi wa Hulda hauna mlango wa kuingilia. Nakutumia picha aliyotupiga jirani yake. Mimi ni yule wa kulia. Yule wa katikati ni farasi.

Bwana Tolland kweli aliandika. Karatasi yake ilikuwa nzito, iliwasha jiko vizuri.

Vernon


Dayton
19 Aprili 1978

Vernon,

Picha nimeiona. Nimeiona kwa miwani na nimeiona kwa lenzi. Koti langu la Ufaransa lina nyasi mfukoni.

Sina salamu leo. Naam, ninayo moja: Corinne anasema wasipopata mvulana watamwita Arlene, jina la marehemu mkeo, ukikubali.

Sasa nikwambie ukweli, maana nimechoka kulala nao kwenye kochi. Mwezi wa Januari, kabla hata sijakuandikia, tulikuwa kwenye mkutano wa chama. Tolland akalifunua lile jarida mbele ya watu, akasema, "Hapa kuna koti ambalo hakuna mmoja wetu atakayelipata, labda mimi." Akanitazama. Vernon, miaka yote hiyo amekuwa akiniweka kwenye meza ya mwisho, karibu na choo, kwa sababu mimi nilikuwa mwalimu wa ushonaji na yeye alikuwa meja. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Umechelewa, Cyrus. Lile liko kwenye familia yetu." Ukumbi mzima ukageuka.

Wamenipa meza ya mbele. Wameandika jina langu kwenye karatasi ya matangazo na chini yake wameandika koti la mpigilia viatu. Nisipokuwa nalo nitakaa pale na meza tupu, na yeye atakuja kunipa pole.

Basi, hayo ndiyo yangu. Sasa wewe. Pampu gani hiyo inayotengenezwa tangu theluji ya Februari mpaka maua ya Aprili na mtu aliyechimba visima maisha yake yote? Kuna kitu hunielezi.

Maxine


Chadron
3 Mei 1978

Dada,

Nakusalimu. Arlene nimekubali, na nimeshukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Barua yako nilimsomea Hulda, isipokuwa sehemu ya pampu. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Huyo meja anamweka dada yako karibu na choo?" Nikamwambia ndiyo. Akatoka nje kulisha kuku, akarudi, akauliza basi la Ohio linaondoka siku gani.

Tunakuja. Jirani atatazama farasi. Koti halitatumwa kwa kifurushi, anasema litasafiri linavyosafiri siku zote.

Kuhusu yale mengine uliyoniuliza, barua zinatakiwa kuingia posta kabla ya saa sita, na muda umeniishia.

Vernon


Dayton
18 Mei 1978

Mdogo wangu,

Natumaini mmefika salama na farasi wamewakumbuka. Goti langu, sijui limeingiwa na nini, haliumi.

Mliondoka Columbus kwa haraka mno, basi lenu likawa linapiga honi, sikupata nafasi ya kukuuliza ninalotaka kukuuliza. Lakini kwanza nikueleze kilichotokea ulipokuwa kwenye foleni ya soseji, maana ulikuja mwishoni na sura yako ilionyesha wazi kwamba hujui umeingia wapi.

Ulipoondoka tu, Tolland alifika na kundi lake nyuma. Hulda alikuwa amekaa kwenye kiti changu, nyuma ya meza tupu, amevaa koti, amelifunga mpaka kooni, mikono juu ya magoti. Nilimwomba alivue tuliweke kwenye kiwiliwili cha mbao. Akasema ukumbi una baridi. Vifungo vile vilikuwa vinang'aa kiasi kwamba mzee mmoja alikinga macho. Mimi nikawa nangojea ardhi ipasuke.

Tolland akaliinamia lile koti kama daktari. "Bibi mpendwa," akamwambia, "unajua kwamba umevaa kitu cha thamani kubwa?"

Hulda akasema, "Najua. Ndiyo sababu nimelivaa."

"Vifungo vimeharibiwa."

"Vimesafishwa. Baba yangu angemtoa kwenye mstari askari mwenye vifungo kama hivyo vyako vya mezani."

Vernon, watu walicheka. Watu wa chama chetu, ambao hawajacheka tangu tulipouziwa koti la mtumishi wa hoteli tukidhani ni la jenerali. Halafu wakaanza kumuuliza maswali. Aliwaonyesha mahali farasi alipomuuma baba yake begani, na jinsi mama yake alivyopatia kiraka. Aliwaambia kwa nini mkono wa kulia umechakaa kuliko wa kushoto. Akamruhusu kila mtu aliguse, bila glavu. Wengine walikuwa wamekusanya makoti miaka na miaka na sidhani kama waliwahi kuona moja likiinua mkono.

Tolland hakupenda. Akanigeukia mimi kwa sauti ya kusikika. "Maxine, ulituambia koti hili liko kwenye familia yenu. Huyu bibi anasema ni Sorby. Wewe si Sorby. Sasa huyu ni nani kwako?"

Nilikuwa nayatazama maandishi ya jina langu kwenye karatasi, nikajiona nimerudi karibu na choo mpaka kufa kwangu.

Hulda akamjibu kwa sauti ileile anayoitia mbwa wake. "Mimi ni wifi yake."

Hapo ndipo ulipofika wewe. Nilikuona. Ulikuwa umesimama na mkate wa soseji mdomoni, haradali inakushuka kwenye koti langu la mwaka kumi na saba, na mkate haukuingia wala haukutoka.

Tolland akakuangalia wewe, akaniangalia mimi, akasema, "Hongereni," na kuondoka. Kwenye chakula cha jioni mke wake alikuja kukaa mezani kwangu.

Sasa swali langu. Mimi nimepata wifi lini, na kwa nini nimepata habari sawa na Cyrus Tolland?

Maxine


Chadron
9 Juni 1978

Dada Maxine,

Nakusalimu kwa furaha. Tulifika salama. Farasi walimkumbuka Hulda, mimi walinivumilia. Haradali ilitoka kwa maji ya moto na sabuni, usihangaike.

Jibu la swali lako ni kwamba hata mimi nilipata habari wakati uleule, isipokuwa nilikuwa na mdomo umejaa.

Tulipanda basi, tukakaa. Illinois yote nilikuwa natafuta pa kuanzia. Omaha tulisubiri basi jingine, tukakaa kwenye benchi na vikombe vya kahawa, na nikaona kwamba nisiposema pale nitafika nyumbani bila kusema, nianze tena kuharibu ile pampu.

Nikamwambia, "Hulda, lile ulilomwambia meja. Ulisema kumsaidia Maxine?"

"Nilisema kumsaidia Maxine."

Nikasema, "Aha." Nikaitazama kahawa.

Akasema, "Na wewe pia, maana niliona kwa mwendo wako tungefika mwaka elfu mbili. Pampu ilipona Februari, Vernon. Ninaisikia usiku, haikohoi. Wewe ndiye uliyekuwa unafungua ngozi nzima unaweka mbovu."

Nikamwambia kwamba tangu Arlene afariki, miaka mitatu hii, nyumba yangu imekuwa na ukimya ambao hata redio haiufikii, na kwamba nilikuwa naogopa kumaliza kutengeneza kitu kisha nisiwe na sababu ya kurudi. Sikuwa nimepanga kulisema hilo kwenye stendi ya Omaha. Kulikuwa na mtu anafagia miguuni petu.

Akanywa kahawa yake mpaka chini. Halafu akasema maisha yake yote watu wamekuja kwenye ule mlango kununua kitu, farasi, shamba, koti, na mimi ndiye wa kwanza aliyeuliza habari za pampu. Akanifunga kifungo cha juu, akasema upepo wa Nebraska unaanzia palepale stendi.

Basi ndiyo hivyo. Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, nyasi zikishavunwa. Padri anasema atatumia mikono yote miwili. Mimi nahamia shambani.

Kuhusu koti la buluu: Hulda anasema huwezi kulipata, maana wewe utalifunika shuka. Litabaki kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa jikoni. Lakini anasema njoo wiki nzima kabla ya harusi. Asubuhi yeye atakuwa anaoka mikate, mimi sitakuwa na faida kwa mtu, na farasi lazima wale. Utalivaa wewe. Anasema wifi hawezi kuwa na koti kwenye familia asiwahi kulitia mikono.

Jibu mapema.

Vernon


Dayton
14 Juni 1978

Vernon na Hulda,

Nimewasalimu wote wawili kwa mara moja, mzoee.

Nitakuja. Corinne atakuja na mtoto, akiwa amezaliwa, na mume wake amesema, "Sawa, nitaendesha mimi," hotuba ndefu kuliko zote tulizowahi kupata kwake.

Makoti yangu nitamwachia mke wa Tolland funguo ayatazame. Amenishangaza, anajua nondo vizuri kuliko mumewe.

Jana nilisimama mbele ya kioo nikajaribu moja la kwangu, la afisa, kuona kama mikono yangu bado inapita kwenye kitu kilichobana hivyo. Inapita. Nikajikuta nimekaa nalo mpaka chakula cha mchana.

Hulda, wifi yangu, sina haja ya kulimiliki koti lako. Niambie tu hao farasi wako hupiga teke upande gani.

Maxine